Nani Alimrudisha Konstebo Sefu?

Wewe uliyeguna hapo kwenye mkeka, nimekusikia. Hata sijafungua kinywa umeshakataa! Redio ikikwambia askari kakimbia na bunduki, unaitikia kama unaitikia dua. Mimi nikikwambia hakukimbia, unanikunjia uso. Basi funga mdomo usikilize.

Mjini Lukanda walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwanahawa, mchoma mahindi pale darajani kwenye kizuizi cha polisi, alikuwa na jicho: akikuona mara moja, hata ukirudi umenyoa ndevu atakuita kwa jina. Dulla Mkopi, mchimba mchanga wa mtoni, alikuwa na pumzi: akizama, walio ukingoni huanza kumlilia. Na Selina Kilatu, msomaji wa habari wa redio ya mji, alikuwa na sauti. Selina akisema mvua inakuja, watu wanaanua nguo na jua linawaka.

Mchana mmoja gari lilisimama kwenye kizuizi, wakateremka watu wenye bunduki, wakapiga risasi. Koplo Anselimu Ngonyani akafa. Konstebo Rehani Pazi akafa. Nawataja kwa majina kwa sababu walikuwa na majina, si "askari wawili" kama mlivyozoea kuambiwa. Wa tatu, Konstebo Sefu Mng'ande, hakuonekana, wala bunduki yake haikuonekana.

Mkuu wa kituo hakumwuliza mtu yeyote pale darajani. Alikaa ofisini kwake, akaamua kwamba Sefu amewauza wenzake na kukimbia. Akampa Selina taarifa, naye Selina akaisoma kwa sauti yake ile tamu. Kesho yake Tabia, mkewe Sefu, akatolewa kwenye nyumba ya polisi, godoro nje, tumbo mbele. Akaenda kwa sheikh, anataka kukaa eda.

"Eda ya nani, binti yangu? Mumeo yu hai, anatafutwa."

"Angekuwa hai angekuja kwangu, sheikh."

"Basi niletee maiti."

Mnaelewa maana yake? Eda ya mjamzito huisha siku anayojifungua. Asipoikaa kabla ya hapo, ndiyo imempita. Angezaa akiwa si mke, si mjane, na mtoto angeitwa wa msaliti mpaka anazikwa. Na nyie, nyie mnaokimbilia ubwabwa wa kila matanga, mlikuwa mnampisha kisimani kama mwenye ukoma!

Bi Mwanahawa alikuwa ameona yote kutoka chini ya meza yake. Alinyamaza, kwa sababu mmoja wa wale wauaji alimwinamia akamwekea kidole mdomoni. Lakini siku Tabia alipopita na wanawake wakamcheka, bibi alitupa koleo la moto. "Mnacheka nini, mbwa nyie? Sefu alipigwa risasi akimburuta Rehani! Akaanguka mtoni, upande wa magogo, bunduki begani!" Akaenda kituoni kusema hayohayo.

"Bibi, kwa umri huo unaona kweli?" mkuu akamwuliza.

"Naona vifungo vya shati lako vinavyoomba msaada, afande."

Alifukuzwa. Meza yake ikakutwa imevunjwavunjwa. Akaanza kuchomea mahindi chini, na kila aliyenunua alimsimulia.

Dulla alinunua, akasimuliwa. "Bibi, pale kwenye magogo pana mamba."

"Na Sefu pia yupo."

Mto ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa. Dulla alizama akaibuka mikono mitupu, akazama tena, akakaa huko mpaka mkewe akaanza kujigaragaza ukingoni. Alipoibuka alikuwa ameshika mkanda wa bunduki, na kwenye mkanda alikuwamo mtu, jina bado liko kwenye shati lake la sare, tundu la risasi kifuani. Sikio moja la Dulla lilipasuka huko chini, mpaka leo halisikii. Sheikh akakubali eda. Mkuu wa kituo akasema, "Amekufa maji akikimbia." Na mkamwamini! Kaburi lilichimbwa na watu wa nyumbani kwao tu.

Ndipo Selina akaenda kwa Bi Mwanahawa, akakaa chini penye majivu, akauliza. Akaenda kwa Dulla, akauliza. Akawauliza walioosha maiti. Kisha akarudi redioni: "Mimi, Selina Kilatu, niliwasomea uongo. Sikuuliza. Leo nimeuliza." Akawataja askari wote watatu, kila mmoja alisimama wapi, alifanya nini, alianguka wapi. Alifukuzwa kazi kabla hajavua vile vya masikioni. Lakini jioni hiyo ua wa kina Sefu haukuwa na pa kukanyaga.

Tabia akajifungua mtoto wa kiume. Sasa, Lukanda mtoto aliyeachwa tumboni hupewa jina na yule aliyemrudisha baba yake, na huyo ndiye husimama mahali pa baba, jandoni na kwenye ndoa. Mmoja tu. Mkuu wa kituo alitangulia kufika, na mbuzi, eti yeye ndiye aliyeruhusu maiti izikwe! Mama yake Sefu alimtoa kwa mwiko, mbuzi akabaki.

Wakabaki wale watatu, wanagombana juu ya kichwa cha mtoto.

"Nisingeona mimi, ungezama wapi?"

"Uliona ukanyamaza, bibi, mpaka akaharibika majini!"

"Na kaburi lake lingeitwa la msaliti," Selina akasema. "Nani alilisafisha jina?"

"Aliyelichafua!" wakamjibu wote wawili.

Tabia amempakata mtoto, mnyoaji ameshalowesha nywele, wembe uko mkononi. "Nimpe nani?" anauliza.

Haya, na nyie? Mlikuwa hodari wa kuamini, sasa kuweni hodari wa kuamua. Msiniambie wote watatu, huo ni uvivu. Aliyeona, aliyezama, au aliyesema: wewe ungempa nani mtoto huyu? Anza wewe uliyeguna. Mimi natoka, na mlango naufunga kwa nje. Asiyejibu atalala humu.