Cherehani za Shemeji

"Bibi, ukimwambia mtu wa kodi ukweli wote, umejichimbia kaburi kwa jembe lako mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyoniambia mjukuu wangu Ambilikile juzi, amesimama mlangoni kwangu, hataki hata kukaa. Namwambia kaa basi mume wangu, uji huu hapa. Hakai. Anachungulia kile chumba changu cha nyuma. "Bibi, kuku wako wako wapi?" Nikamwambia wamekwisha, kideri kimewamaliza. Akasema, "Afadhali." Jamani! Kuku wangu wamekufa, mtu anasema afadhali!

Kumbe anatafuta pa kuweka magunia ya mchele. Watu wa makadirio wanapita mtaani kwao wiki hii. Wanaingia dukani, wanatazama mali ilivyo, ndipo wanakupangia kodi ya mwaka mzima. Sasa yeye anataka wakute duka nusu. Nusu nyingine ije ilale kwa bibi. "Wakikufuata huku wakikuuliza, sema ni yako." Mimi! Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu, nina magunia ya mchele ya nini?

Ninyi mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini alipogeuka kwenda niliuona mshipa wa shingo yake unavyoruka, nikaacha kucheka. Mtoto yule anaogopa. Na mtu mwenye woga akikuletea kitu ukifiche, mzigo si ule ulio kwenye gunia.

Basi leo zamu ya kutoa neno hapa jumuiyani imeniangukia mimi, na kusoma sijui, mnanifahamu. Ninachojua ni magomvi ya ukoo. Aliyenyang'anywa kiwanja, aliyesusa msiba, aliyerushiwa sufuria, wote wanakuja kwangu. Kwa hiyo nawapa mfano wa ugomvi. Mtu asiulize ni ukoo gani. Mfano ni mfano.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja. Alikuwa na fremu yake kwenye mstari wa maduka, na cherehani nane ndani, na mafundi wa kumsaidia. Sare za shule alikuwa anashona yeye, mashela ya harusi yeye, majoho ya kwaya yeye. Mungu alikuwa amempa, na alikuwa na cha kushukuru.

Mwaka ukianza, pale kwenye mstari kila mtu ana namna yake ya kujiandaa na kodi. Alikuwepo mama mmoja wa mitumba, risiti zake zote anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku ikifika analibeba kopo, anabeba na chupa ya chai, anakwenda kukaa foleni. Akirudi ananung'unika mtaa mzima usikie, "Wamenikamua! Wamenikamua kama ng'ombe!" Halafu anafungua duka, anauza. Alikuwepo mwingine wa vipuri vya pikipiki, yeye anamlipa kijana mwenye kompyuta amjazie. Umuulize, umesema una nini? "Sijui, kijana ndiye anajua." Mwingine anangoja mpaka siku ya mwisho, unamwona anakimbia mguu huu kandambili, mguu huu kiatu.

Na fundi wetu? Namna yake ilikuwa kuogopa. Tangu sikukuu za mwaka mpya zilipoisha, chakula hakipiti. Akiona mtu barabarani ameshika faili kwapani, mkojo unamwita. Mteja akija na kalamu mfukoni, yeye jasho. Mke wake anamwambia, "Baba, nenda kaseme ulichonacho, wakupangie, ulipe kidogokidogo kama wenzako." Anajibu, "Wewe huwajui wale. Wakiona nane watanimaliza."

Basi siku moja mchana, mvua inanyesha, akapakia cherehani tano kwenye mkokoteni, akazifunika turubai, akazipeleka kwa shemeji yake. Huyo shemeji alikuwa mjane wa kaka yake, anakaa nyuma ya soko na wanawe, anauza mboga. Kwa nini alimchagua yeye? Niambieni. Ndugu zake wengine walikuwepo, wenye nyumba kubwa. Alimchagua mjane kwa sababu mjane hawezi kumkatalia. Tunawajua watu wa namna hiyo, au hatuwajui?

Akamwambia, "Shemeji, nihifadhie hizi mpaka wapite."

Mjane akasema, "Shemeji, mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Za kwako?"

Akaziacha hapo, akarudi dukani akakaa.

Mtu wa kodi akaja, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hakufoka, wala hakumtisha mtu. Alikuwa kijana mpole, ameloa mvua, anaomba mahali pa kutundika koti. Akatazama cherehani tatu. Halafu akatazama sakafu. Ndugu zangu, kitu kizito kikikaa mahali pamoja miaka, kinaacha alama. Sakafu ilikuwa na vumbi la nyuzi kila mahali, isipokuwa pale miguu ya vyuma ilipokuwa imesimama. Mistari yote ya miguu ipo. Na nje, matope yamechorwa na gurudumu la mkokoteni mpaka nyuma ya soko.

Alitoka tu akafuata ile njia ya gurudumu. Mwenyekiti nyuma yake. Fundi naye nyuma.

Wakafika kwa mjane. Mlango uko wazi, cherehani hizo hapo, hata turubai halijatolewa vizuri.

"Hizi ni za nani?"

Hapo. Hapo ndipo penyewe. Si mjane aliyeulizwa, aliulizwa fundi. Angesema "ni zangu, afisa, niliogopa," yangetokea nini? Angefokewa. Labda angetozwa faini. Angerudi nyumbani amenuna, na cherehani zake nane. Lakini woga ulimfika kooni kabla ya ukweli. Akasema, "Za shemeji yangu huyu. Haki ya Mungu vile. Mimi hazinihusu."

Afisa akamgeukia mjane. "Mama, ni zako?"

Mjane alimtazama shemeji yake. Shemeji anatazama chini. Afanyeje? Akisema si zangu, amemfunga ndugu wa marehemu mume wake. Akisema ni zangu, amejifunga mwenyewe. Akasema, "Kama yeye amesema."

Basi ikaandikwa kwa jina lake. Akaambiwa afike ofisini na yeye akakadiriwe, maana ana biashara ya ushonaji.

Walipoondoka yule mjane aliketi chini kabisa. Fundi anamwambia, "Usihofu, kodi hiyo nitakulipia mimi." Mnasemaje, alilipa? Alilipa mara moja, nusu. Awamu ya pili ilipofika akasema biashara ngumu. Mjane hakulala. Akaona watoto watafukuzwa shule, akaona atafungwa, akaona kila kitu. Mwisho akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani moja, akaanza kujifunza kushona. Alianza na viraka. Akaja kwenye sketi za shule. Akachukua na mabinti wawili wa kumsaidia. Kodi akailipa kwa mguu wake mwenyewe, kanyaga kanyaga.

Sasa fundi akaona mambo yametulia, akaja na mkokoteni wake.

"Shemeji, nimekuja kuchukua cherehani zangu."

"Zipi?"

"Wee shemeji, usinitanie."

"Sikutanii. Zichukue. Lakini afisa akija asizikute, mimi nitamwambia nini? Zimeandikwa kwangu. Atasema nimeuza, nimekwepa. Shemeji, si mimi ninayezishika. Woga ulionipa ndio unaozishika. Nenda ofisini kaseme ulichosema siku ile hakikuwa kweli. Ukirudi, hata mkokoteni nitausukuma mimi."

Akaenda kuita wazee wa ukoo. Kelele! "Huyu mwanamke mwizi! Anakula mali ya mume asiye wake!" Wazee wakamwita mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akasema, "Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Uliapa." Wazee wakamwambia, basi nenda ofisini, dakika chache tu, useme ni zako.

Akaenda. Alifika mpaka kwenye benchi. Akakaa. Watu wanaingia wanatoka, wengine wanacheka huko ndani na wahudumu. Foleni ikasogea, yeye anawapisha wengine. "Pita mama, mimi nasubiri mtu." "Pita mzee, nasubiri mtu." Wakafunga ofisi, akarudi nyumbani. Akamwambia mke wake, "Leo hawakuwepo."

Zile tatu zilizobaki hazikutosha sare za shule. Wateja wakafuata mashine zilipo, maana mteja hana undugu. Kodi ya fremu ikamshinda, mwenye fremu akaweka kufuli, akashika na zile tatu kwa deni lake. Na siku moja, hii ndiyo iliyonitia baridi, fundi alikwenda nyuma ya soko akasimama mlangoni kwa mjane, kofia mkononi. "Shemeji, una kazi?"

Mjane alilia. Akampa kazi. Akampa cherehani ile ile aliyoizoea, yenye gurudumu lililomeguka kidogo pembeni. Akamnong'oneza, "Shemeji, siku utakaposema tu, ni zako. Mimi nangoja."

Mwaka ukazunguka. Afisa yule yule akaja. Koti lake lile lile. Akasimama karibu na fundi, labda alimkumbuka, sijui. Akamuuliza taratibu kabisa, "Baba, na hii unayoshonea wewe ni ya nani?"

Cherehani zote zikanyamaza. Mjane akanyanyua macho, uzi umemkaukia mkononi. Anamtazama kama mtu anayemsukuma mwenzake kwa macho. Sema. Sema basi.

Fundi alifungua mdomo. Akasema, "Ya shemeji."

Safari hii hakuapa. Hakukuwa na haja, hakuna aliyemtilia shaka. Afisa akaitika, akaenda cherehani inayofuata.

Ndugu zangu wa jumuiya. Mnafikiri nazungumza habari za kodi? Kodi ya serikali mtalipa, mkinung'unika kama mama wa mitumba, na hakuna atakayekufa kwa kunung'unika. Mimi nauliza sisi tumekana nini. Wapo hapa waliofika hospitalini, nesi akauliza, "Huyu mgonjwa ni nani wako?" nao wakasema, "Jirani tu, nimemsindikiza." Jirani! Ni mama yake mzazi! Aliogopa ataambiwa alipie. Yule mama alikuwa amelala pale, masikio yake hayakuwa yanaumwa. Alisikia. Nimesuluhisha kesi hiyo, sitaji mtu, msitazamane.

Wapo walioulizwa, "Huyu mtoto ni wako?" wakatazama chini kama fundi. Wapo wenye dada aliyeharibikiwa na maisha, wanapita mbali naye wakiwa na wageni. Tunasema neno dogo la kujiokoa, tunadhani tutalirudia baadaye kwa mkokoteni. Sisi tunajua kuficha, lakini kurudi kuchukua hatujui. Maana njia ya kurudi inapita kwenye lile benchi, na benchi lile ndilo tunaloliogopa kuliko hasara.

Nami naogopa, wanangu. Msidhani ninasema haya nimekaa vizuri. Usiku nafikiri siku ile ambayo nitasimama mlangoni kwa Bwana, sina faili, sina shahidi, na malaika amuulize Yeye, si mimi, amuulize Yeye: "Huyu bibi ni wa nani?" Halafu kimya. Cherehani zote kimya. Mimi ninamtazama tu mdomo. Na Yeye si mwoga kama sisi, hawezi kusema uongo kwa ajili yangu. Kama huku nilimkana kila nilipowakana wale walio wake, atajibu nini?

Ukiulizwa leo ni cha nani, sema leo. Hata kama woga umekushika. Kesho utakuwa umezoea kukana.

Sasa Mama Tusekile, wewe njia yako ya kurudi nyumbani inapita kwa Ambilikile. Leo hakuja ibadani, najua yupo dukani anapanga magunia. Mfikishie neno hili lote, usilipunguze kwa sababu ni rafiki wa mwanao. Mwambie chumba cha bibi kiko tupu, kimefagiliwa, alete mchele wake kama anataka, sitamfungia mlango. Lakini mtu wa kodi akija mpaka kwangu akauliza, "Haya magunia ni ya nani?" bibi hatajibu. Bibi atageuka amtazame yeye, Ambilikile, usoni. Na atakachosema yeye, mimi nitakishika hivyo hivyo mpaka nife. Kamwambie, mama. Kamwambie kabla hajafika na mkokoteni.