Joho Kabla ya Kanzu

Hapo zamani, wakati mtu alipoweza kuficha miaka yake kwa kupaka ndevu hina, palikuwa na Sultani jina lake Mudhihiri. Sultani huyo alimposa Mwanakheri, mjane, binti wa dobi Vuai, naye Mwanakheri hakumtaka hata kwa dawa. Basi Vuai, fukara asiye na kitu ila pasi yake na ulimi wake, akaenda na bintiye barazani, akasema, "Seyyid, binti yangu haolewi na mtu asiyejulikana umri."

Sultani akatabasamu. "Miaka yangu nimeizidisha mara mbili, kisha nikaongeza kumi, nikapata mia na hamsini. Itaje, nimwache binti yako. Ukikosea, harusi Ijumaa."

Waziri, mtu wa kimbelembele, akadakia. Akaigawa mia na hamsini kwa mbili, akapata sabini na tano, kisha akatoa kumi. "Sitini na mitano, maulana." Sultani akalipenda mno jawabu hilo, akasema ndilo la kweli, na kwa kuwa si Vuai aliyelitaja, akaagiza mchele wa biriani uanze kuchaguliwa.

"Uongo mtupu," akasema Vuai. "Kumi iliongezwa mwisho, basi ndiyo itolewe kwanza. Hubaki mia na arobaini, na nusu yake ni sabini."

"Nani kasema?"

"Nguo zako, seyyid, nami ndiye nizifuaye. Leo umevaa kanzu, kisha joho juu yake. Kama njia ya waziri ni sawa, vua kanzu kwanza, joho libaki mwilini. Ukiweza, muoe leo leo."

Sultani, kwa uchu wa harusi, akaanza. Akaivuta kanzu kupitia shingoni, ikakwama. Mkono mmoja ukapotea, kilemba kikaanguka, ikawa maulana anazunguka barazani kama kuku ndani ya gunia, waziri akimvuta na Vuai akimpa pole. Mwisho akachoka, akalitupa joho, ndipo kanzu ikatoka.

Akabaki na shuka tu, mbavu nje, kifua cheupe kwa mvi ambazo hina haikuzifikia.

"Sabini," wakasema watu wote wa baraza, na waziri miongoni mwao.

Sultani akajitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, nimekuacha, Mwanakheri. Lakini sema kweli: ningekuwa na sitini na mitano, ungenikubali?"

"Seyyid," akajibu Mwanakheri kwa heshima zote, "hata ungekuwa na ishirini, nisingekutaka."

Basi Sultani akaomba nguo zake, na posa ikaishia hapo.