Vya Ghalani Vilipona

Yah: Ombi la Kufufuliwa kwa Kompyuta ya Kaya (Moja) Bila Kuathiri Nyaraka Zilizomo.

Ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi aliyokabidhiwa fundi, kwa herufi kubwa, ikapigiwa mstari chini, ingawa fundi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale sebuleni, masikio yake mazima, na angeweza kuambiwa kwa mdomo.

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta, mke na mjukuu, na aliamini kwamba vyote hivyo viko katika utaratibu. Aliitwa Otmar Ngonyani. Zamani alikuwa katibu tarafa huko milimani, upande wa Mbinga. Serikali ilimstaafisha kwa hotuba na saa ya ukutani. Yeye kwa upande wake hakuistaafisha serikali. Kila asubuhi alivaa koti, akakaa mbele ya mashine, akaandikia ofisi mbalimbali: juu ya mtaro uliochimbwa bila mwelekeo, juu ya mbuzi wa kanisani, juu ya kuku wa jirani kuvuka mpaka wa kiwanja pasipo kibali. Ofisi hazikujibu. Hilo halikumsumbua. Alikuwa mtu wa ofisi, na alijua kwamba kutojibiwa ni mojawapo ya hatua za kushughulikiwa.

Mashine ile ilikuwa na sehemu mbili ndani yake, kama nyumba yenye chumba cha mbele na ghala. Mafundi huziita C na D. Katika C hukaa mfumo, yaani ile roho inayoiamsha mashine na kuifanya itambue kwamba yenyewe ni mashine na si boksi. D ni mahali pa kuwekea vitu. Otmar alifundishwa hayo kwenye semina, akayashika kama amri ya sita. Hata hiyo D akaipa jina, Ghala Kuu la Nyaraka, na ndani yake akafungua mafaili: Zinazotoka, Zinazoingia, Zinazosubiri Majibu. Faili la Zinazoingia lilikuwa tupu, lakini lilikuwepo.

Mkewe, Gaudensia, hakwenda semina. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu ndani ya mashine ile. Binti yao, Winfrida, alipolala kitandani na kujua kwamba hatainuka, alijirekodi kwa simu akimsemesha mwanawe Imakulata, ambaye wakati huo alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Anamweleza alivyozaliwa siku ya mvua ya mawe. Anamwambia asiogope radi, radi ni kelele tu, mwenye kuua hapigi kelele. Kisha anamwimbia, na katikati ya wimbo anasimama kumfukuza jogoo aliyeingia chumbani, anacheka, anakohoa kwa muda mrefu, halafu anaendelea pale pale alipoachia.

Akafa. Siku ya kuanua matanga vitu vyake viligawiwa kama desturi inavyotaka: kanga kwa shangazi, viatu kwa mdogo wake wa ukoo, simu kwa binti wa dada mdogo wa Gaudensia, aliyekuwa akirudi Tunduru siku ile ile. Gaudensia hakuizuia simu. Mtu hazuii mgawo wa msiba. Aliomba tu, kabla haijavuka mlango, sauti ihamishiwe kwenye mashine ya mzee.

"Niiweke wapi, mama mkubwa?" yule binti akauliza. "Huku ghalani?"

"Ghalani?" Gaudensia akashangaa. "Ghalani si tunaweka majembe na magunia? Mwanangu mweke huku mbele, nikiwasha tu nimwone."

Akawekwa mbele. Ule uso wa mashine unaojitokeza ukishawasha, wenye alama ndogondogo za kubonyeza, ndipo alipokaa Winfrida, kwenye kona ya juu, jina lake limeandikwa chini yake. Nasi tusimcheke mama huyu, maana ndivyo tufanyavyo sote. Picha ya marehemu hutundikwa sebuleni ikielekea mlango, ionane na wageni. Hakuna anayemtundika mwanawe stoo. Lakini vilivyo kwenye uso wa mashine, ndugu zangu, havimo ghalani. Vinakaa C, chumba kimoja na mfumo, na siku mfumo ukibomolewa, navyo vinakwenda na kifusi. Gaudensia hakulijua hilo. Otmar alilijua, ila hakuwa ametazama.

Nasema hakutazama, si kwamba hakuona. Alama ile ilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi. Lakini kila alasiri Gaudensia alipomaliza kuchambua maharage na kumpakata mjukuu ili wasikilize, mzee alitwaa fimbo yake akatoka kwenda kukagua mpaka wa kiwanja. Majirani walisema anawavizia kuku. Labda. Mtu akiikimbia sauti kwa muda wa kutosha, mwishowe hufika mahali asipoisikia hata ikiitwa kwa jina.

Basi msimu wa mvua ukaingia, umeme ukakatika mashine ikiwa kazini, ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo kila ilipowashwa ilitoa weusi mtupu wenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Mwito ukapelekwa kwa Aidani Gama, fundi kijana wa pale sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mgonjwa wetu huyo atapona?"

"Atapona, mama. Mwili ni mzima, ni roho tu iliyoharibika. Tutamtia roho nyingine."

"Wewe kijana, mbona unajipa kazi ya Mungu!" Gaudensia akacheka.

Otmar hakucheka. Alitoa ile karatasi. Fundi akaisoma kuanzia Yah hadi cheo, maana cheo nacho kilikuwepo.

"Mzee Katibu," akasema, "na nakala nimpelekee nani?"

"Nakala ibaki kwenye faili," akajibu Otmar, kwa dhati kabisa.

Fundi akaeleza. Kule mjini kazi hii wanaiita kupiga windo: C inafutwa yote, inakuwa kama kiwanja kilichofyekwa, halafu mfumo mpya unajengwa juu yake. D haiguswi. Yeye alieleza vizuri, polepole, lakini alimweleza mwenye karatasi. Gaudensia alikuwa mlangoni, mtoto kamshika kanga, na katika maneno yote yale ya C na D alitaka kujua jambo moja tu.

"Vitu vyetu vitabaki?"

"Vyote vimezingatiwa, Mama Winfrida," akasema mumewe kabla fundi hajafungua mdomo. "Katuandalie chai."

Akaridhika. Mume wake alikuwa na makosa yake, lakini kupoteza karatasi halikuwa mojawapo. Akaenda jikoni, upande wa pili wa ukuta, akabandika sufuria, akaanza kukata maandazi.

Fundi akachomeka flashi yake. Mashine ikaamka nusu, kama mtu anayeota. Akapita hatua hii na ile, mpaka akafika kwenye lile swali ambalo mashine yenyewe huuliza, je, una hakika? Hapo akaondoa kidole kwenye kibodi.

"Mzee, huku mbele, kwenye uso wa mashine, hakukuwa na kitu? Maana nikibonyeza hapa hakirudi. Watu wengi huwa wanaweka vitu vyao huku. Au tumuulize na mama?"

Otmar alikunja uso. Yeye hajawahi kuweka hata barua moja nje ya ghala. Semina ilikataza. Na katika kichwa chake, wenye vitu ndani ya nyumba ile walikuwa mtu mmoja.

"Nyumba hii ina utaratibu," akasema. "Bonyeza."

Kijana alikuwa na shaka, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Kwetu humuulizi mwanamume swali moja mara mbili katika sebule yake mwenyewe, wala hupiti juu ya kichwa chake kwenda kuuliza jikoni. Hiyo inaitwa adabu. Akabonyeza.

Kazi ilikwenda salama. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaopenda kumlaumu fundi. Mfumo mpya ulisimama imara, D ikafunguka, na Ghala Kuu la Nyaraka likaonekana kama lilivyokuwa, halijapoteza hata nukta. Mtaro ulikuwepo. Mbuzi wa kanisani walikuwepo. Kuku wa jirani walikuwa bado wanavuka mpaka katika aya ya pili, pamoja na viambatisho. Otmar akafungua Zinazosubiri Majibu, akaona zote zinasubiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mfugaji aliyehesabu ng'ombe zizini.

Gaudensia akaingia na sinia, mjukuu nyuma yake na bakuli la maandazi. Akaweka sinia chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akainama kutazama mashine iliyopona. Mbele palikuwa na picha ya mlima wa kijani usiokuwa wa kwetu. Akatazama kona ya juu. Akatazama kona nyingine, pengine amehamishwa.

"Winfrida yuko wapi?"

Aliyeelewa kwanza ni fundi. Alirudisha kikombe kwenye sinia bila kukinywea. Chai ile haikunywewa na mtu. Fundi alikaa mbele ya mashine hadi mchana ukaisha, akaichukua hadi kibandani kwake, akaomba msaada kwa wenzake wa mjini, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa na sura ya mtu anayeleta taarifa hospitalini.

"Mama, nisamehe. Pale alipokuwa pameshajengwa juu yake."

Wakapiga simu Tunduru. Yule binti alilia, akasema alikuwa ameisafisha ile simu siku nyingi, apate nafasi ya picha za harusi yake.

Gaudensia hakupiga yowe. Yowe la Winfrida alikuwa ameshalipiga, na desturi haina mahali pa msiba wa pili wa maiti mmoja: hakuna turubai, hakuna wa kukaa naye kwenye jamvi, hakuna padri. Siku zilizofuata alijaribu kumwimbia mjukuu ule wimbo yeye mwenyewe. Mtoto alimsikiliza kwa heshima, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mama haimbi hivyo, bibi."

Yeye Imakulata aliukumbuka wote, pamoja na kikohozi. Aliuimba akiwa anafagia, akiwa anaoga. Baadaye akaanza kuchanganya maneno. Baadaye akaanza kuweka ya kwake. Bibi yake alisikia kila neno lililotoka, na hakuwa na kitu cha kumrekebishia.

Mzee aliendelea kutoka alasiri na fimbo yake, ingawa sasa mashine ilikuwa kimya na hapakuwa na cha kukimbia. Jirani mmoja alimkuta amesimama mpakani, kuku wanapita kati ya miguu yake kwenda na kurudi, wala hawafukuzi.

Ndugu zangu, msiende nyumbani mkasema mwalimu leo ametufundisha kompyuta. Kila nyumba ina ghala na ina chumba cha mbele. Ghalani tunaweka vile tunavyoweza kuvitolea hesabu mbele ya watu: hati, vyeo, madai yetu dhidi ya majirani. Mbele tunaweka tunachokipenda, wazi, pasipo kufuli, kwa kuwa hatudhani kuna atakayekipitia bila kukiona. Na fundi huja. Leo anaitwa kuhama, kesho anaitwa ndoa ya pili, keshokutwa mirathi. Si mtu mbaya. Kabla hajafuta huuliza, na huuliza mara moja tu.

Pale mtaani Otmar aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi ambayo haikuweza kuepukika, nao wakaitikia, maana maneno hayo yana sauti ya kitu kilichokwisha kushughulikiwa. Haikuwa hitilafu. Fundi aliuliza swali lililopaswa kuulizwa, akajibiwa na asiyejua. Aliyejua alikuwa jikoni, mlango wazi, na hakuna aliyemwita.