Nyumba ya Mawe Iliyovishwa Mshipi

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

— Pakawa!

Ehe, sasa mmeshiba. Sikieni.

Hapo zamani za kale, babu wa babu zetu wakiwa bado wananyonya, palikuwa na kijiji mlimani. Nyumba zake zote zilikuwa za miti na udongo, isipokuwa moja tu ya mawe. Humo ndimo kila mwanamke alimojifungulia; mtoto aliyezaliwa kwingine hakuhesabiwa wa kijiji. Akizaliwa, baba yake alitafuta jiwe refu, la mkono mzima, akalilaza juu ya ukuta. Mtoto, jiwe. Mtoto, jiwe. Ukuta ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa kama mtu aliyejitwika kuni za jirani.

Na ardhi ya huko ilikuwa na tabia ya kutetemeka. Ikitetemeka, watu walisema: "Mawe, mawe! Nyumba iwe nzito, isitikisike."

Bibi Kageme, msusi wa vikapu, hakusema hivyo. Mgongo wake ulikuwa umepinda, lakini masikio mazima. Siku moja alikwenda kufagia nyumba ile pamoja na mjukuu wake Nyamwiza, mwenye mimba ya miezi minane. Bibi akaegemeza sikio ukutani. Chururu... chururu... Kokoto zinateremka ndani! Maana ukuta ule ulikuwa ngozi mbili za mawe, na katikati kokoto na udongo basi. Ngozi ya nje ilikuwa imevimba.

Bibi akatazama tumbo la ukuta. Akatazama tumbo la Nyamwiza.

Akamfuata Mzee Bashange, mtunza nyumba, mtu wa rika lake.

"Bashange, mawe ya juu yashuke."

"Kageme, umekula nini leo? Wale ni watoto wetu!"

"Watoto wenu wamemkalia mgonjwa kichwani."

"Rudi kwenye vikapu vyako, mama. Mawe yana wenyewe."

Bibi hakugomba. Akaleta kikapu ambacho hajakifunga ukingo, akakijaza maharage, mbele za watu.

"Tikisa."

Bashange akatikisa. Chaka-chaka, chaka-chaka, pwaa! Kikapu kikafumuka, maharage yakamwagika miguuni pake. Watu wakacheka. Bibi akasuka ukingo palepale, wala hakuharakisha. Akajaza tena.

"Tikisa."

Chaka-chaka, chaka-chaka.

"Tikisa, baba, au umechoka?"

Chaka-chaka mpaka jasho likamtoka. Haikuanguka hata punje.

"Haya," Bashange akasema akihema. "Lakini mawe ya watoto hayatupwi."

"Nani kasema yatupwe? Yatoke kichwani, yaingie kiunoni. Kila jiwe lipite ukutani, lishike ngozi ya nje na ya ndani, kama mtoto aliyelala kati ya baba na mama."

Kazi ikaanza. Toboa moja, ziba moja. Toboa moja, ziba moja. Hawakutoboa matundu mawili kwa pamoja, ukuta usije ukawaangukia. Kila jiwe lilipoingia, baba aliita jina la mwanawe. Kisha juu ya kuta wakalaza miti minyoofu pande zote nne, kama ukingo wa kikapu, wakaifunga pembeni kwa kamba za ngozi mbichi, na paa wakalifunga humo humo. Ngozi ikakauka, ikakaza. Nyumba ikavaa mshipi.

"Ikianguka, Kageme, utanieleza!"

"Ikianguka nitakuwa ndani. Utamwuliza nani?"

Siku ikafika. Jua limeshapanda, Nyamwiza akashikwa na uchungu. Wakaingia wanawake wanne, na Bibi wa tano, amemshika mjukuu wake mgongo. Mara kuku wakanyamaza.

Ngrrrrr! Ngurumo ya chini, si ya mbinguni. Vyungu kilang', kilang'. Udongo wa ukutani ukabanduka, vumbi likajaa. Kuta zikaenda huku, zikarudi. Zikaenda huku, zikarudi. Zote pamoja, kama wachezaji walioshikana mikono. Nyamwiza hangeweza kukimbia, basi Bibi naye hakukimbia. Akamfunika kwa mwili wake, akisema: "Shika. Shika. Shika." Akimwambia mjukuu au ukuta, hakuna aliyejua.

Kisha, tuli.

Nje Bashange akaja mbio, nguo ikiburutika, akapiga mlango kwa ngumi mbili.

"Kageme! Kageme! Mko hai?"

Ndani: ngaa! Ngaa! Ngaa!

"Tuko sita," Bibi akajibu, "na wa saba kaingia bila hodi!"

Bashange akaketi mavumbini. Akacheka, akalia, akacheka tena.

"Toka basi, Kageme, nikuombe radhi."

"Utaniomba ukiwa umebeba maji ya moto. Mzazi anataka kuoga!"

Basi, wajukuu zangu, mlichoachiwa na wazee msikirundikie heshima tu. Kitegeeni sikio, na mkisikia kinalalamika, kifungeni kingali kimesimama.

Hadithi yangu imefika hapa, nami naitua. Mwenye mgongo mzima aibebe.