Ujira wa Nyumba ya Lugembe

Sogeeni tusikilizane. Hadithi hii si ya kale, na sungura hayumo. Ni ya watu watatu walioiuza nyumba moja. Nikimaliza nitawauliza swali, kwa hiyo anayetaka kusinzia asinzie sasa.

Mji wetu unaitwa Mwakitongo. Mgodi ulipokuwa unafanya kazi, hata chumba cha kupanga ulikipata kwa kujuana. Mgodi ukafungwa, watu wakaenda zao, nyumba zikabaki. Ukipita mtaani unasoma ukuta baada ya ukuta: INAUZWA, na namba ya simu chini yake. Wauzaji mia, mnunuzi mmoja, na huyo mmoja anatembea taratibu, anagonga milango kwa kidole, anaaga bila kutaja bei. Mimi nina duka la mabati na misumari karibu na stendi ya zamani. Nani anajenga siku hizi? Basi kibaraza changu kikawa mahali pa kukaa madalali watatu, wa mwisho waliobaki mjini.

Mahona alikuwa anajua watu. Ukimtajia jina, atakwambia mtu huyo alizaliwa wapi, aliondoka lini na nani alimsindikiza.

Sofia alikuwa binti wa mwashi, na jicho lake lilikuwa la mwashi. Akiingia kwenye nyumba anaangalia pembe za dari kabla ya kusalimia.

Deusi hakuwa na maneno mengi. Kipaji chake kilikuwa kukaa na mtu. Angeweza kukaa na mwenye uchungu asubuhi nzima bila kumwambia apige moyo konde.

Siku moja alikuja Milembe, mke wa Mzee Lugembe. Mumewe alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alisema apelekwe Mwanza akapasuliwe, na asikawie. Hawakuwa na kitu cha kuwafikisha huko ila nyumba yao ya vyumba vinne, ambayo Lugembe aliijenga kwa miaka kumi na moja, akitoka zamu mgodini na kushika mwiko.

Madalali walikuwa hawajauza nyumba mwaka mzima. Mbele ya Milembe, na mbele yangu, wakakubaliana jambo ambalo baadaye lilitusumbua wote. Ujira ukigawanywa, walisema, kila mmoja atakula wiki mbili na kubaki palepale kibarazani. Ukiwa mzima, unamtosha mtu mmoja kuhama na kuanza maisha kwingine. Kwa hiyo atakayeiuza nyumba achukue wote. Milembe akaitikia. Alikuwa mtu wa neno lake.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Mahona alitafuta mnunuzi miezi minne. Alikwenda kwenye shule, kwenye zahanati, kwenye ofisi walikohamishiwa watumishi wapya, na kila alikofika walikuwa wanaomba uhamisho. Mwishowe akajiuliza ni nani anaweza kutaka kuishi mahali wanapopakimbia wengine, akaenda makaburini. Huko alimkuta nesi mstaafu, Bi Kokuhirwa, mwenyeji wa Bukoba, aking'oa majani kwenye kaburi la mwanawe aliyefia mgodini. Alikuwa anasafiri kila baada ya wiki chache kuja kulisafisha. Mahona hakusema lolote la nyumba. Alichukua jembe akamsaidia, na mama huyo aliporudi safari nyingine akamsaidia tena. Mara ya tatu Bi Kokuhirwa mwenyewe akasema kwamba amechoka na mabasi, angependa kuishi karibu na mwanawe. Mahona akasema, "Kuna nyumba, mama."

Lakini Bi Kokuhirwa alikuwa ameshaumwa na nyoka. Kule kwao dalali mmoja alimuuzia kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Tena Mwakitongo kulikuwa na nyumba arobaini za kuchagua. Alipofika kwa Lugembe alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani, akasikiliza sifa za nyumba, kisha akageuka aondoke. Mahona alibaki amesimama uani.

Sofia, aliyekuwa pale akikagua kuta, ndiye aliyemwita mama yule. Alimzungusha hadi ukuta wa nyuma, akaonyesha mahali palipopigwa lipu mpya. "Hapa pana ufa," alisema. "Ni wa baruti za mgodi. Mzee ameuziba, lakini upo. Nyumba haitaanguka, ila usiinunue kwa bei ya nyumba isiyo na ufa."

Bi Kokuhirwa akamtazama sana. Akamuuliza ni dalali gani anayeanza na ubovu.

"Yule utakayekutana naye sokoni kila wiki ukishanunua," Sofia alijibu.

Siku hiyo mama yule aliuweka mkoba chini. Aliuliza maswali mpaka mchana, na Sofia akayajibu yote, hata yale ambayo majibu yake yalikuwa mabaya. Alipoondoka alisema ataichukua nyumba, lakini alitaja bei iliyokuwa nusu ya ile ya Lugembe.

Lugembe alikataa. Sauti ilikuwa imeshakauka, akakataa kwa mkono. Bei yake ilikuwa ya enzi za mgodi, na aliishikilia, kwani kuishusha kulikuwa sawa na kukubali kwamba miaka kumi na moja ilipotea. Mahona alijaribu akashindwa. Naye Sofia, mzee hakutaka hata kumwona, maana ndiye aliyeutaja ufa.

Deusi akaenda. Siku ya kwanza hakusema kitu, wala ya pili. Alimshikia mzee kikombe cha uji, akamsikiliza akihadithia kwa mnong'ono jinsi alivyochota mchanga mtoni, jinsi alivyoezeka mvua ikiwa imeshaanza. Wiki mbili zikapita hivyo. Siku moja Lugembe akasema, "Kila tofali la nyumba hii nililibeba kwa mgongo wangu."

"Najua, mzee," Deusi akamwambia. "Lakini soko haliujui mgongo wako. Tunaoujua ni sisi tu, na sisi hatuna cha kukupa."

Lugembe aligeukia ukutani. Kisha akamwambia mkewe, "Waambie wauze."

Nyumba ikauzwa. Karatasi zilitiwa sahihi katika ofisi ya mtaa, na Milembe na mumewe wakapanda basi la Mwanza siku ya pili yake. Kule madaktari walimpima siku tatu. Kisha mmoja alimwita Milembe pembeni, akamuuliza kwa upole kwa nini walichelewa. Uvimbe ulikuwa umeshashuka kifuani. Hawakumpasua. Walimwambia amrudishe nyumbani akapumzike.

Lakini nyumbani hakukuwapo tena.

Walipanga chumba kimoja mtaa wa pili. Bi Kokuhirwa alipopata habari alikwenda mwenyewe, akamwambia Lugembe arudi akalale katika chumba chake cha zamani, akae mpaka Mungu atakapoamua. Lugembe alitikisa kichwa. Mnong'ono wake ulikuwa hausikiki, ikabidi Milembe amtafsirie: "Anasema mtu haombi mahali pa kufia kwenye nyumba aliyoiuza." Akafa kwenye chumba cha kupanga siku ya kumi na tisa. Nilitoa mabati mawili kufunika jeneza lisinyeshewe njiani.

Baada ya msiba Milembe alikuja kibarazani na bahasha. Akasema ujira huu hapa, mzima, kama tulivyokubaliana. Je, nani aliyeuza nyumba?

Mahona akasema bila yeye pasingekuwa na mnunuzi, na hapakuwa na mnunuzi mwingine. Sofia akasema mnunuzi alikuwa ameshageuka kuondoka, na watu hawanunui kwa mtu wasiyemwamini. Mwisho Deusi akasema kwamba mnunuzi alikuwepo na imani ilikuwepo, lakini nyumba ilikuwa ya mzee, na mzee alikuwa amekataa.

Milembe aliwasikiliza wote. Halafu akasema maneno ambayo sikuyatazamia, na aliyasema bila hasira.

"Mahona, ungemleta mnunuzi miezi miwili mapema, labda wangempasua. Nawe Sofia, ungenyamaza juu ya ufa, bei isingeshuka, tusingepoteza wiki mbili. Deusi, mwanangu, ungemwacha akatae, angekufa kwenye kitanda chake, akitazama dari aliyoipiga mwenyewe."

Sofia alianza kulia, akainama. Mahona alikuwa anatazama barabarani, ambako hapakuwa na mtu.

"Lakini neno ni neno," Milembe akaendelea. "Mmoja wenu ameuza, na mmoja atachukua. Mimi siwezi kuchagua. Nikimtazama kila mmoja naona alichonipa, na naona alichoninyang'anya."

Akaniwekea mimi ile bahasha mkononi, kwa kuwa nilikuwa shahidi, akaniomba niamue kwa haki. Jumamosi yake alikwenda kwa bintiye Nzega, na hajarudi.

Madalali hawakai pamoja tena. Mahona anakuja asubuhi, Sofia mchana, na Deusi hupita tu, ananisalimu, haketi. Hakuna aliyeniuliza. Nyumba nyingine haijauzwa. Nikimpa mmoja, ataondoka mjini, na wawili watabaki wakijua kwamba kazi yao haikuhesabiwa kuwa kazi. Nikiigawa, nimevunja neno walilomwekea mjane, na hakuna atakayefika popote. Nikikaa nayo, nami nimekuwa nani?

Nimefika mwisho wa ninayoyajua. Mliosikiliza, mmepewa masikio na vichwa: aliyetafuta, aliyesema kweli, na aliyekaa na mzee mpaka akakubali. Ingekuwa nyinyi, bahasha mngemkabidhi nani?