Mboni, Binti wa Mchimba Visima

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa mji, pakawa kisima, pakawa na mtu ndani ya kisima.

— Tumwone!

— Hamtamwona, yuko chini. Mtamsikia tu. Sogeeni karibu na moto, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, katika mji uitwao Changaraweni, aliishi mchimba visima jina lake Feruzi. Mkewe alifariki akamwachia binti mchanga, na binti huyo aliitwa Mboni. Feruzi hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Akawa anakwenda naye kazini. Mboni alijifunza kutambaa kwenye udongo uliotoka shimoni, akajifunza kusimama kwa kushikilia mpini wa jembe.

Nchi ile ilikuwa na visima saba, na vyote saba vilichimbwa na Feruzi. Lakini je, watu walimwita Feruzi? Hawakumwita hivyo. Walimwita Matope. Walipokunywa maji yake walisema, "Ah, matamu!" Walipomwona mwenyewe walikusanya nguo zao wakasema, "Pisha huko Matope, utatuchafua."

Feruzi hakugombana na mtu. Alisema tu, "Haya," akapisha.

Mboni akakua, akakua, akakua, akawa mwali. Nasibu, mwana wa Jumbe, mkuu wa mji, alimwona akiteka maji. Akampenda, naye Mboni akampenda. Jumbe hakufurahi, lakini kijana alishikilia, na mwisho baba mtu akakubali. Mboni akawekwa ndani kwa Bi Mgeni, shangazi yake Nasibu, apakwe liwa na kufundwa mpaka siku ya harusi.

Kabla hajaingia ndani, Bi Mgeni alimwita pembeni.

"Mwanangu, harusini watakuja wageni wa mbali, watu wakubwa. Mwambie baba yako asije. Sahani yake tutampelekea nyumbani."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panapouma. Mboni hakukataa. Aliinamisha kichwa, akaenda nyumbani. Akamkuta baba yake uani anasuka kamba. Akamwambia maneno yale huku anatazama ukuta.

Feruzi aliacha kusuka. Kisha akaendelea kusuka.

"Haya," alisema. "Hata hivyo, kanzu yangu imechanika."

Kanzu haikuwa imechanika. Mboni alijua, maana yeye ndiye aliyeifua jana yake na kuikunja. Lakini akaenda zake kwa Bi Mgeni.

Jumbe naye akataka mji upendeze. Akaamuru kisima kikubwa, kile cha katikati ya mji, kijengewe baraza la mawe ya kuchonga kuuzunguka mdomo wote, ili wageni wapumzike hapo. Feruzi aliposikia, akaenda mpaka mlangoni kwa Jumbe, akavua kofia.

"Jumbe, mdomo wa kisima hauhimili uzito ule. Mawe yatazisukuma kuta, na kuta zitaangukia ndani."

"Matope, nimekuita?" alisema Jumbe. "Mambo ya uzuri waachie wanaoyajua."

"Haya," alisema Feruzi, akaivaa kofia yake, akarudi kwake.

Baraza likajengwa. Likang'aa, likasifiwa. Zilipobaki siku tatu kufika harusi, asubuhi ile kukasikika kutoka chini: gu! gu! gu! Wanawake wakateremsha ndoo ya kwanza, ikarudi na mchanga. Wakateremsha ya pili, ikarudi na kokoto. Wakateremsha ya tatu, ikarudi tupu, na sauti nzito ikapanda nyuma yake:

"Nani ameniziba mlango? Nani ameniziba mlango?"

Alikuwa Chura Mwenyemaji. Huyo ndiye aliyeyashika maji yote ya nchi chini ya ardhi, na akinuna yeye, visima vyote saba hununa naye. Kufika adhuhuri hapakuwa na tone Changaraweni. Mbuzi walilia, watoto walilia, na mchele wa harusi ulikaa kwenye magunia bila maji ya kuuoshea.

Nyumba ya Bi Mgeni ilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Mboni alikaa dirishani, amejitanda khanga, mikono yake ina hina mbichi, akasikia yote.

Jumbe akaamuru mtu ashuke kumbembeleza Chura. Akashushwa kwanza mdogo wake mwenyewe, mwenye kilemba kikubwa kuliko vyote mjini. Chura akamuuliza:

"Wewe nani unayenikanyaga?"

"Mimi ni mwana wa bwana, mjukuu wa bwana, kitukuu cha bwana!"

"Sikukuuliza umetoka kwa nani. Mikono yako inajua nini?"

Akaificha mikono yake mgongoni.

"Panda!" Akapandishwa, kilemba kimekuwa donge la udongo.

Akashushwa mwenye ng'ombe wengi kuliko watu wote.

"Wewe nani unayenikanyaga?"

"Mimi ndiye mwenye ng'ombe, toka mtoni mpaka mlimani!"

"Sikukuuliza una nini. Mikono yako inajua nini?"

Akaanza kuwahesabu ng'ombe wake upya.

"Panda!" Akapandishwa, viatu vyake vikabaki huko huko.

Wa tatu akashuka bwana harusi mwenyewe. Mboni akashika moyo.

"Wewe nani unayenikanyaga?"

"Mimi ni Nasibu."

"Mikono yako inajua nini?"

Nasibu aliitazama mikono yake. "Huku chini," alisema, "haijui kitu."

Chura akacheka, maji kidogo yakaruka. "Angalau wewe umesema kweli. Panda, kamlete anayejua."

Nasibu akapanda, hakungoja hata kujifuta. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Feruzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, sina uso wa kukutazama. Lakini mji una kiu."

Feruzi alikuwa ameketi kizingitini, kamba imeshafungwa kiunoni, jembe liko magotini.

"Nilisikia kishindo tangu asubuhi," alisema. "Nilikuwa nangoja kuitwa. Twende."

Walipofika kisimani watu wakampisha njia. Safari hii walipisha wao. Feruzi alipiga goti, akalaza sikio juu ya ardhi, akasikiliza. Akainuka.

"Kwanza, liondoeni baraza."

Watu wakamtazama Jumbe. Jumbe akalitazama baraza lake zuri, akawatazama watoto wenye midomo mikavu.

"Liondoeni," alisema kwa sauti ndogo.

Mawe yakaviringishwa moja moja mpaka yakaisha. Feruzi akauliza, "Sasa nani atashika kamba?"

Wakajitokeza vijana kumi wenye vifua vipana. Feruzi akatikisa kichwa. "Nguvu mnayo. Lakini ninataka mtu anayeisikia kamba."

Hapo mlango wa Bi Mgeni ukafunguliwa, Mboni akatoka.

"We!" Bi Mgeni alipiga kelele. "Mwali hatoki nje! Na hina haijakauka!"

"Shangazi," alisema Mboni, na uwanja mzima ukasikia, "anayeshuka ni baba yangu."

Akaishika kamba. Akawaambia wale vijana, "Ninyi shikeni nyuma yangu. Kamba ikitikiswa mara moja, tunashusha. Mara mbili, tunasubiri. Mara tatu, tunapandisha. Na hamvuti mpaka niseme."

Feruzi akashuka, akashuka, akashuka.

"Wewe nani unayenikanyaga?"

"Mimi ni Feruzi, mchimba visima. Samahani kwa kishindo. Mlango wako umezibwa, nimekuja kukufungulia."

"Mikono yako inajua nini?"

"Inajua jiwe lipi litoke kwanza, na lipi litoke mwisho."

Chura akasogea kando. Kisha akasema, "Fanya kazi, fundi."

Kikapu cha kwanza kikapanda na mchanga. Cha pili kikapanda na kokoto. Cha tatu kilikuwa njiani ukuta ulipoteleza tena. Gu! Vumbi likafoka juu kama moshi. Kamba ikalegea, kisha ikakaza, ikatikisika mara mbili.

"Vuteni!" watu walipiga kelele. "Vuteni, atakufa!" alisema Jumbe mwenyewe, naye akaishika kamba kwa mikono yake.

"Bado!" alisema Mboni. "Kamba imekaza upande mmoja. Mguu wake umebanwa na jiwe. Tukivuta tutamvunja."

"Mwanangu, anafukiwa!" alilia Jumbe.

"Amesema tusubiri. Anajua anachofanya. Bado!"

Nyuzi za kamba zilimla viganja. Hina ikafutika yote, ikachanganyika na damu. Akainama juu ya shimo, machozi yanamdondoka.

"Baba, nipo! Sijaachia!"

Kutoka chini, kwa mbali, kukaja sauti ile ile iliyomlea. "Najua, mwanangu. Tulia."

Kamba ikatikisika mara moja. Mboni akashusha kidogo, urefu wa mkono tu. Hata mbuzi walinyamaza. Kisha kamba ikatikisika mara moja, ya pili, ya tatu.

"Sasa! Vuteni!"

Wakavuta. Akatoka Feruzi, tope kuanzia utosini mpaka unyayoni, macho tu ndiyo meupe. Na chini yake, kwenye giza la kisima, yakasikika maji yanaingia.

Watu wakashangilia, wakagombania ndoo. Mboni hakugombania ndoo. Alimkumbatia baba yake na tope lake lote.

"Baba, njoo harusini."

"Mwanangu, hina yako imeharibika."

"Baba, njoo harusini."

"Utachafuka, mama. Hebu niache kwanza ninawe."

"Baba, nilikosa. Nilikuonea aibu wewe uliyenilea. Nisamehe, njoo harusini."

Feruzi alimtazama. Akataka kumfuta machozi kwa kidole, akamwachia alama ya udongo shavuni, wakacheka wote wawili.

"Haya," alisema. Na hii ilikuwa haya nyingine kabisa.

Harusi ikawa. Feruzi alikaa mkeka wa mbele, kanzu nyeupe, bega kwa bega na Jumbe. Jumbe akasimama mbele ya wageni wote wa mbali.

"Nilimdharau mtu huyu," alisema, "na kila siku nilikunywa kazi yake. Feruzi, naomba radhi. Sema unachotaka, nitakupa."

Feruzi akaweka sahani yake chini.

"Jumbe, ninapokuwa kisimani ninasikia nyayo za watu wanaopita juu. Miaka thelathini nasikia nyayo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akanisemesha. Na kule chini kuna upweke. Ninataka hilo tu."

Wakubwa wale wakatazamana. Hakuna aliyejua mtu wa kazi anasemeshwa vipi.

Siku ya tatu baada ya harusi, Feruzi alishuka kumalizia ukuta. Anapanga mawe, anapanga mawe, akasikia nyayo. Nyayo zikafika, zikasimama. Uso ukachungulia kwenye duara la mwanga, na sauti ya binti yake ikashuka mpaka ilipo mikono yake:

"Pole na kazi, baba."

Nyuma yake ikaja sauti ya Nasibu: "Pole na kazi, baba." Nyuma yake ikaja ya Jumbe: "Pole na kazi, fundi." Kisha wachota maji, kisha wachunga mbuzi, kisha Bi Mgeni aliyekuja eti anatafuta ndoo yake.

Feruzi aliweka jiwe chini. Akainua uso kwenye mwanga, akaufuta kwa kiganja.

"Nishapoa," alisema. "Nishapoa, wanangu."

Chura akatoa kichwa majini, akaramba midomo.

"We fundi," alisema, "mbona maji yangu leo yana chumvi?"

Tangu siku hiyo, hivyo ndivyo watu wa Changaraweni wanavyosalimiana. Akipita mtu, akamkuta mwenzake analima, anashona, anafua, anachomelea au anafagia, hapiti kimya. Husimama, akampa pole ya kazi yake. Nanyi fanyeni hivyo, wanangu. Nyumba uliyolala kuna aliyeijenga, maji uliyokunywa kuna aliyeyashukia. Mjue jina lake, umwite kwalo.

Hadithi yangu imejaa ndoo, naitua hapa. Mwenye kiu achote, aliyeshiba amwachie mwenziwe.

Mimi harusini nilikuwepo. Nilikula wali, kisha nikaosha masufuria yote ya Bi Mgeni, makubwa kwa madogo, na mpaka leo sijasikia mtu akiniambia pole.