Kibuyu cha Kura za Maji

Hapo zamani, na nyie huko nyuma acheni kunong'ona, milimani Upare palikuwa na mfereji mmoja na kaya ishirini. Maji hayakutosha wote kwa siku moja, kwa hiyo zamu ilipatikana kwa kura. Kila kaya ilikuwa na kokoto yake ndani ya kibuyu, na Bibi Namkunda ndiye aliyetia mkono na kuchomoa. Ikitoka kokoto yako, unafungulia maji shambani kwako. Asiyeridhika alikwenda kununa kwake.

Miaka thelathini Bibi alishika kibuyu, hata siku moja akagundua jambo lililomtia hofu: vidole vyake vilikuwa vimezijua kokoto. Hii yenye pembe ni ya shemeji. Hii laini ni ya yule jirani aliyeniita mchawi, na irudi chini kabisa. Mkono ulichagua wenyewe.

Akawaambia watu, "Sifai tena. Nitafundisha mwingine."

"Tumpate kwa kura basi," wakasema.

"Kwa mkono wa nani?"

Wakaliacha wazo hilo.

Wakaletwa wanafunzi watatu, na Bibi akamfundisha kila mmoja peke yake, maana ndivyo kazi ya kibuyu inavyofundishwa. Mbonea alikuwa na ndugu wengi, akamwambia, "Usipendelee." Senkondo alikuwa mdadisi, akamwambia, "Usiangalie." Nakijwa alikuwa hodari wa kupangapanga mambo, akamwambia, "Usipange." Kisha akampa kila mmoja uwanja uliofagiliwa na maharage ishirini.

"Yamwageni ovyo. Kesho nitakagua. Nikiona mkono wa mtu, kibuyu hapati."

Na kesho hiyo lazima mtu apatikane. Mahindi yalikuwa yanachanua, na mfereji haufunguliwi mpaka kura ipigwe.

Asubuhi watu wakaja na majembe mabegani. Kwa Mbonea, maharage yalikaa mbalimbali kama wakwe wasiosemezana.

"Nimeinama kutwa nzima," akasema Mbonea. "Hakuna kona iliyopata kuliko nyingine. Bibi, uliniambia nisipendelee. Nani ataonewa nami?"

"Ovyo gani hii ya kupimwa kwa kamba?" Bibi akaguna.

Kwa Senkondo, maharage kumi na tano yalikuwa yamejipanga mstari, na mstari unaelekea mlangoni kwa mama yake. Watu wakacheka, halafu wakakunja uso.

"Nilifumba macho nikarusha mara moja," akasema, karibu alie. "Uliniambia nisiangalie, sikuangalia. Yameanguka yenyewe."

Wazee wawili walikuwepo, na wakaapa kuwa anasema kweli. "Tumeona kwa macho yetu," wakasema. "Lakini kibuyu hatumpi."

Kwa Nakijwa, Bibi alisimama akasahau hata kuumwa mgongo. Hapa maharage matano yamelundikana, pale patupu, kule moja peke yake. Ndicho alichokuwa akijaribu kukisomesha mwezi mzima.

"Mwanangu, umefanyaje?"

"Sijafanya kitu, Bibi. Niliyaacha kwenye ungo nikaenda kulala. Kuku akaupindua. Mawili kayala."

Bibi akatafuta pa kukaa.

"Si uliniambia nisipange?" akasema Nakijwa. "Kuna kutopanga kuliko huku?"

Hapo zogo likaanza. Wengine wakamtaka Mbonea kwa sababu ni mwenye haki. Wengine wakasema kwa usawa huo wa kupimwa zamu za Mbonea zitajulikana mapema, na mwenye nguvu atawahi mfereji. Mama yake Senkondo akalia kwamba mwanawe anaadhibiwa kwa kusema kweli. Wa Nakijwa wakasema matokeo ndiyo yanayotazamwa, uvivu ni shauri lake.

"Wote watatu wametenda nilichowaambia," Bibi akasema. "Mwenye kosa ni mimi niliyeligawa somo vipande vitatu."

Hakuna aliyembishia, na hilo likamuuma zaidi. Jua lilikuwa limepanda, majani ya mahindi yanajikunja, na kaya ishirini zinamtazama yeye.

Haya, wewe unayecheka: ungemkabidhi nani? Aliyetenda haki bila kubahatisha, aliyebahatisha kweli asiaminike, au aliyelala akabahatishiwa? Na ukisema kuku ndiye aliyestahili, je, naye hataijua kokoto ya kaya inayomlisha, kama vidole vya Bibi vilivyozijua?